Kila Kichwa na Neno Lake

Haya alinisimulia msusi mwenyewe, mwaka jana wakati wa baridi, tulipokuwa tumekaa benchi moja pale zahanati tukingoja kuitwa. Foleni ilikuwa haisogei na yeye alikuwa hana haraka, basi nikayapata yote, na ndivyo ninavyoyaandika.

Msusi huyo alikuwa na mikono inayokumbuka na kichwa kinachosahau. Mikono yake ilimjua kila mteja. Angeweza kufumba macho akakwambia kwamba fundi cherehani ana kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, kwamba mke wa dereva ana nywele za utosini zilizokataa kulala tangu azaliwe, na kwamba mwalimu wa chekechea ukimgusa kisogo tu usingizi unamchukua. Lakini umpe neno la kigeni! Liliingia sikio hili likatokea sikio lile, njiani halikumsalimia mtu.

Na maneno ya kigeni ndiyo hasa aliyoyahitaji. Mumewe alikuwa ng'ambo, nchi moja ya baridi kali, akioka mikate kiwandani. Vibali vya kumchukua mkewe vilikuwa vimeshapatikana. Chumba na jiko lake vimeshapatikana. Hata pazia mwanamume wa watu alishanunua, pazia la maua makubwa ambalo halikupendeza hata kidogo, akalipiga picha akamtumia, na mkewe akalia kwa furaha akilitazama. Kilichobaki ni kitu kimoja: wenye nchi walitaka mke aijue lugha yao kidogo kabla hajapanda ndege. Kidogo tu, walisema. Aweze kununua mkate, kuuliza njia, kumweleza daktari panapouma. Mtihani ni wa kuongea, uso kwa uso.

Alishaufanya mara moja. Aliulizwa jina lake nani, akajibu "asante." Wakamrudisha nyumbani. Safari hii akifeli, hatapewa nafasi nyingine mpaka mwaka uzunguke, na yeye alishachoka kuwa mke wa simu.

Mwalimu wa kozi alikuwa kijana mpole aliyevaa koti lile lile, jua liwake, mvua inyeshe, wanafunzi wakamwita Mwalimu Koti. Dawa yake ilikuwa moja: rudia. Basi msusi akarudia. Alirudia akiosha vyombo, akarudia akianika nguo, akarudia akipiga mswaki mpaka povu likamtoka puani. Jioni wifi yake, mdogo wa mumewe aliyekuwa akisomea uuguzi, alikaa naye mlangoni kumsikiliza.

"Wifi, dirisha wanaliitaje?"

Msusi akalitazama dirisha lenyewe.

"Wifi! Tumelisema sasa hivi. Hata mate hayajakauka."

"Lilikuwepo. Limetoka."

"Limetokea wapi, dirishani?"

Walicheka, lakini msusi alipokwenda kulala hakuwa akicheka tena. Alilitazama lile pazia kwenye simu mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Mambo yalibadilika siku moja saluni, na yalibadilika bila yeye kufanya lolote la maana. Saluni yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake: viti viwili, kioo kimoja chenye ufa kwenye pembe, kapu la nywele za bandia, na mkeka wa wale wanaopenda kusukwa wakiwa wamekaa chini. Siku hiyo alikuwa akimfumua mke wa dereva. Mwanamke huyu kukaa kitako hajui. Mguu unachezacheza, bega linapanda, shingo inageuka kila pikipiki ikipita, na mdomo unakwenda, unakwenda. Mara tu vidole vya msusi vilipogusa zile nywele za utosini, neno la kigeni likamruka mdomoni, safi, na lafudhi yake, lile la treni.

Akashika kitana hewani.

"Umejichoma kidole?" mke wa dereva akauliza.

"Hapana. Nyamaza kwanza."

Akakumbuka. Mara ya mwisho alipomsuka huyu mwanamke alikuwa akirudia neno hilo kimoyomoyo, akijisemea huyu naye kama treni, kituo hana. Neno halikuingia kichwani mwake yeye. Lilikuwa limeingia kichwani mwa mteja! Limelala humo wiki zote hizo, na kumbe kulitoa ni kugusa tu.

Tangu siku hiyo msusi akaacha kukariri kama kasuku, akaanza kusuka maneno. Kila kichwa akakipa neno lake. Fundi cherehani, mwenye kichwa kidogo, kigumu, cha duara safi, akawa yai. Mwalimu wa chekechea, bila kufikiri mara mbili, kitanda. Dada mmoja muuza simu ambaye masikio yake yalikuwa ya baridi hata wakati wa joto akawa barafu. Mteja fulani anayepiga simu kusema "nipo njiani, nakuja sasa hivi" ilhali bado hajaamka akawa uongo. Wapo waliokuwa dirisha, mwavuli, mkono wa kushoto, Jumatano.

Na alikuwa na akili yake ndani ya jambo hilo. Maneno yaliyomsumbua aliwapa wale wenye nywele fupi, wanaosuka mara kwa mara, ili akutane nayo mara kwa mara. Maneno mepesi aliwapa wale wanaosuka kukiwa na harusi tu. Neno likirudi kitini, analisuka upya, analikaza. Na usiku kabla ya kulala anawapitisha wote akilini, mmoja mmoja wanaingia mlangoni wakikung'uta viatu, na kila anayeingia analitaja neno lake.

Wifi alipomsikiliza tena, alimwuliza dirisha, akajibiwa. Mwavuli, akajibiwa. Akaanza kuuliza ovyo ovyo, mbele nyuma, na msusi anajibu huku vidole vikichezacheza hewani kama anayesuka upepo.

"Wifi, umekula nini?"

Ikabidi amwambie. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana wifi alikuwa na kila sifa njema isipokuwa kufunga mdomo. Kabla wiki haijaisha, habari ilikuwa imefika mpaka kwa fundi cherehani, ambaye alikuja saluni na mkasi wake bado mkononi.

"Dada, nasikia mimi ni yai."

"Nani kasema?"

"Usinizungushe. Mimi yai, kweli? Mtu mzima mimi, na duka langu, na cherehani mbili?"

"Yai ni kitu cha maana, dada yangu. Hakuna siku inayopita bila yai."

"Na muuza simu ni nini?"

"Barafu."

"Haya, barafu afadhali, ni kitu cha friji. Mimi yai! La kuvunjwa!"

Mke wa dereva yeye alifurahi kupita kiasi. "Mimi ni treni," akawaambia watu barabarani, "tena ya mwendo kasi." Mwalimu wa chekechea alisema kitanda hakimfai mwanamke mwenye heshima zake, akalala kabla hajamaliza kulalamika. Mwingine alitaka awe dhahabu. Msusi akamwambia kozi haijafika kwenye dhahabu, bado wako jikoni. "Basi niweke akiba," akasema yule, "mkifika niitwe mimi wa kwanza."

Walimwomba awabadilishie, wakambembeleza, wakamnunia. Msusi akakataa katakata.

"Nikimgusa mmoja tu, wote wanamwagika. Mkitaka nifaulu, kila mtu akae na neno lake kama alivyo."

Wakakubali shingo upande. Hakukuwa na mtu asiyejua mtihani ule una maana gani kwake. Wote walishaonyeshwa lile pazia.

Sasa, kulikuwa na kichwa kimoja ambacho neno lake hakuna aliyelijua, hata wifi. Kichwa cha mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mtu wa moyo mwema na sauti ya kutisha. Miaka mingi alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, akipima unga, na pale usipopiga kelele husikiki. Mashine aliiacha zamani, sauti akaondoka nayo. Akikuambia "karibu chai" unashtuka. Akinong'ona, jirani anajibu. Basi siku aliyokuwa akisukwa, alikuwa akigomba kuhusu bomba la uani lililoachwa wazi, akagomba kuanzia mstari wa kwanza wa nywele mpaka wa mwisho, na msusi akajikuta amemsuka neno ambalo hakulichagua, lilijichagua lenyewe: kelele.

Akalificha. Lakini neno lililosukwa vizuri lina ubaya wake, halingoji ruhusa. Asubuhi moja saluni imejaa, mama mkwe akaingia kwa kishindo.

"Nani kaacha ndoo katikati ya njia? Mnataka nivunjike kiuno?"

Ulimi wa msusi ukateleza. Lile neno la kigeni likatoka, waziwazi, kama salamu.

 Fundi cherehani akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

"Umeniitaje?" mama mkwe akauliza.

Msusi akaangaza macho chumbani. Kichwani mwake palikuwa peupe, kikabaki kitu kimoja tu cha kushika, nacho kilikuwa mezani mbele ya macho yake, kando ya birika.

"Sukari, mama. Ni neno lako. Nimekuweka wewe kuwa sukari."

Uso wa mama mkwe ukalainika mpaka ukawa si wake. "Mimi? Sukari?" Akalirudia lile neno la kigeni taratibu, akalionja. Akalirudia tena kwa sauti ya mashine. "Mmesikia nyie mayai na mabarafu? Mkwe wangu ananijua."

Kuanzia hapo hakukuwa na amani. Akiingia chumbani anajitaja. Akimwita mtu chakula kiko tayari, anajitaja. Kwa muuza mboga alikwenda na mkono kifuani: "Mimi ndiye," kisha lile neno, "maana yake sukari, kwa lugha anakokwenda mkwe wangu." Wifi, aliyezoea kumsikiliza masomo, alilitambua neno, na mdomo wake mnaujua; wateja walikuwa wakitoka nje kucheka kisha wanarudi wamekunja sura. Wifi alitaka kumwambia mama yake ukweli, msusi akamshika mikono miwili.

"Wifi, nakuomba. Mpaka mtihani upite."

"Na ukipita?"

"Nitapanda ndege."

Alicheka aliposema hivyo, lakini ndani alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Kila mama mkwe alipolitamka lile neno na kutabasamu, neno lilizidi kuwa tamu. Msusi alilisikia likimgeukia kichwani, kelele yake ikipungua siku hadi siku. Na neno lenyewe la sukari, la kweli, hakuwa amempa mtu. Aliliona jepesi, akasema hilo halihitaji kichwa.

Siku ya mtihani ikafika. Mama mkwe akasema haendi mtu peke yake, akavaa nguo zake za kutokea, akambebea msusi chupa ya maji, akamtangulia njiani akisafisha barabara kwa sauti: "Tupisheni, mkwe wangu ana mtihani!" Ofisini wakamkalisha kwenye benchi la ukumbini pamoja na Mwalimu Koti, ambaye alikuwa amekuja kuwatia moyo wanafunzi wake na alikuwa akitetemeka kuliko wao.

Ndani kulikuwa na meza, viti viwili, feni inayokwaruza, na mama mmoja mtu mzima, mgeni wa huko huko kwenye baridi, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Akamwuliza jina. Msusi akataja jina lake, na alipoona ametaja jina na si asante, moyo ukarudi mahali pake. Akaonyeshwa picha. Mwavuli: akamwona mwenye neno hilo anaingia akikung'uta viatu. Dirisha, huyo. Yai: fundi cherehani akaingia amenuna, lakini akaingia. Treni ikapita na mguu wake unachezacheza. Yule mama akawa anaandika, kichwa kinakubali.

Kisha akaiweka kalamu chini akatabasamu. Wakaingia kwenye mchezo: yeye sasa ni muuza chai, msusi ni mteja.

"Karibu. Unataka nini?"

"Chai, tafadhali."

"Na nini?"

"Maziwa."

"Na nini tena?"

Msusi akatafuta. Akaona mlango wa akilini unafunguka kwa kishindo, na mama mkwe amesimama pale, mkono kifuani, anatabasamu.

"Kelele," akasema msusi kwa lugha ile, bila kusita. "Vijiko viwili."

Yule mama akaivaa miwani. Akaivua.

"Kelele?"

"Kelele, tafadhali."

"Kwenye chai?"

Hapo msusi akajisikia mwenyewe. Akajua amesema nini. Akalitafuta neno la sukari, akakuta hapana mtu. Kiti kitupu. Feni ikakwaruza. Akaliona pazia la maua makubwa likifungwa na mikono isiyo yake, akauona mwaka mzima mwingine, na yule mama akainua kalamu yake kutoka mezani.

Sijui nguvu aliipata wapi, na hata yeye hajui. Alisema alijikuta vidole vyake vimeanza kusuka hewani juu ya meza ile, na vichwa vikaja mbio kama vimeitwa mkutano.

"Samahani," akasema. "Kelele si chai. Kelele ni mama. Mama ya mume."

"Mama wa mume wako ni kelele?"

"Kelele kubwa! Mimi nasema yeye: wewe kelele. Yeye anauliza: nini? Mimi naogopa. Mimi nasema uongo." Uongo akaingia amechelewa, kama kawaida yake, lakini akaingia. "Mimi nasema: wewe ni kitu kidogo. Kitu kizuri. Kitu cheupe, kiko ndani ya chai."

"Sukari?" yule mama akasema.

"Hiyo! Mama anafurahi. Kila siku, asubuhi, jioni, barabara, duka, mama anasema: mimi ni kelele! Mimi ni kelele! Watu wanacheka. Mimi silali. Kitanda, ndiyo. Kulala, hapana."

Yule mama akaiweka kalamu chini. Akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza, kisha tumbo, kisha machozi. Akauliza swali jingine, na jingine: mama yuko wapi sasa, anafanya kazi gani, mume anajua? Msusi akajibu yote kwa maneno yaliyochechemea, lakini yakafika. Alipoambiwa mama mwenyewe yuko pale nje, yule mtahini alisimama akaenda kufungua mlango, akatoa kichwa ukumbini, akaita kwa lugha yake:

"Kelele yuko wapi?"

Mama mkwe alisikia neno lake. Akainuka benchini, akanyoosha nguo, akaweka mkono kifuani, akalirudisha neno kwa sauti iliyotikisa vioo. Mtahini akashika fremu ya mlango asianguke.

"Mama," akasema Mwalimu Koti kwa upole, "unajua maana ya hilo neno?"

"Nisijue vipi na ni langu? Sukari."

Na Mwalimu Koti, maskini ya Mungu, ualimu umemwingia mpaka kwenye mifupa, hakuweza kuliacha kosa likapita.

"Hapana, mama. Hilo ni kelele."

"Kelele gani?"

"Kelele tu, mama. Makelele."

Mama mkwe akamtazama Mwalimu Koti. Akamtazama mtahini anayejifuta macho. Mwisho akamtazama mkwe wake, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mtahini akitamani sakafu ifunguke.  Mtahini ndiye aliyesema, akaongea kirefu, hata kisa cha kelele kwenye chai, na Mwalimu Koti akatafsiri huku akirukaruka ndani ya koti lake: msamiati wake una matobo, sarufi ndiyo usiulize, lakini huyu hakukariri, huyu ameongea. Amefaulu.

Amefaulu! Na ilikuwaje asiweze kufurahi? Njia nzima mama mkwe alitembea mbele, kimya. Watu wakasalimia, akaitikia kwa kichwa. Pikipiki nusura imguse, hata hakumtukana dereva. Muuza mboga akampungia mkono akiita "Sukari!" na yeye akavuka upande wa pili wa barabara. Msusi alimfuata nyuma na ile chupa ya maji, moyo umemwenda chini kuliko siku aliyofeli.

Wifi aliwakuta mlangoni. "Amefeli?"

"Amefaulu," mama mkwe akasema, polepole, kwa sauti ya mtu wa kawaida.

Wifi akashtuka. Akamshika mama yake paji la uso, akakimbilia ndani kuleta kipimajoto.

Walikula hivyo hivyo, vijiko tu vikisikika. Mume alipiga simu, akapewa habari, akapiga vigelegele vya kiume huko aliko, mama yake akasema "hongera, mwanangu" akairudisha simu. Wifi akashika kitabu chake cha uuguzi akaenda nacho kitandani, na haukupita muda akalala, kitabu usoni. Msusi akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mwisho akapiga moyo konde, akaenda kukaa kwenye mkeka pale saluni, miguuni pa mama mkwe.

"Mama. Nisamehe."

"Nilimwambia muuza mboga," mama mkwe akasema, akitazama kioo. "Nilikwenda kazini kwangu kwa zamani, nikawaambia wote. Daktari wa meno nilimwambia mdomo ukiwa wazi."

"Najua, mama."

"Huko kwao kuna maneno mangapi? Hakuna blanketi? Hakuna maziwa? Hakuna maua?"

"Sikulichagua, mama. Ulikuwa unagomba juu ya lile bomba."

"Maji yalikuwa yanamwagika!"

"Yalikuwa yanamwagika."

"Kelele yangu ile iliokoa pipa zima."

"Iliokoa, mama."

 Kisha mama mkwe akageuka kidogo. "Huyo mama wa miwani. Ni kweli ulimwambia akutilie kelele kwenye chai?"

"Vijiko viwili."

Mabega ya mama mkwe yakatikisika. Akajaribu kuyazuia, yakakataa. Kicheko kikamtoka kile kile cha mashine ya kusaga, kikagonga dari, jirani akagonga ukuta, mama mkwe akamjibu kwa kugonga wake. Msusi akacheka mpaka akalia, na alipoanza kulia, kulia kukawa kwa kweli, maana hapo ndipo alipoelewa kwamba anaondoka.

"Haya, basi, basi," mama mkwe akasema, akimfuta uso kwa kanga. "Sukari yenyewe wanaiitaje?"

Msusi akafungua mdomo. Akaufunga. "Niliambiwa leo mle chumbani. Limeshatoka."

"Utakunywaje chai huko?"

"Sijui, mama. Halina kichwa."

Mama mkwe akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani, akampa mgongo, akavua kitambaa.

"Lina kichwa. Tafuta kitana. Liangalie kwenye hiyo simu yako uliweke hapa, upande wa kushoto. Kelele ibaki kulia ilipo."

"Yote mawili, mama?"

"Huoni kichwa chenyewe ukubwa wake? Na usinivute."

Msusi akalitafuta neno, akalipata, akafumua upande wa kushoto, akaanza kuusuka. Kila mstari akalisema mara moja, na mama mkwe akalirudia nyuma yake, akilikosea kila mara kwa namna mpya. Katikati ya mistari akawa anampa maagizo: avae soksi mbili mbili, asimwachie mumewe kununua vitu vya nyumba, lile pazia alitoe siku ya kwanza kabla hajafungua sanduku, na simu apige yeye, asingoje kupigiwa. Maagizo yakaanza kuachana. Likaja moja kuhusu blanketi likaishia nusu, na kichwa kikalemea goti la msusi.

Msusi alimaliza upande wa kushoto mama mkwe akiwa amelala hivyo. Akausogelea wa kulia, akaufumua taratibu asimwamshe, akausuka upya, kwa kuwa ulikuwa umelegea. Akalisema neno la kushoto. Akalisema la kulia. Hayakuchanganyikana. Akayasema tena kutoka mwisho kuja mwanzo, kisha akakiegemeza kisogo chake kwenye kiti, akisema atapumzisha macho kidogo tu kisha amwamshe mama akalale kitandani, na kitana kikiwa bado mkononi, naye akalala.